Njia ya Kwenda Aktiki Inapita Ziwa Nakuru

Mtoto wa gredi ya pili anayekulia Kaptembwo au Mwariki, mitaa ya Nakuru, humjua pengwini. Amemwona kwenye katuni, amemwona kwenye kitabu cha hadithi, na ukimpa penseli atamchora upesi. Tatizo ni kwamba mara nyingi humchora akiwa na dubu mweupe juu ya kipande kimoja cha barafu, kana kwamba hao ni majirani. Dubu mweupe huishi Aktiki, kaskazini kabisa mwa dunia, na pengwini ni ndege wa kusini. Katika maisha ya porini hawakutani hata siku moja. Mtoto hana lawama. Tumempa picha bila kumpa mahali. Ninavyoona mimi, makazi ya viumbe wa ncha za dunia yanafaa kufundishwa kwa watoto wetu wadogo, tena mapema, na si katika somo moja tu bali katika masomo yote ya shule ya msingi. Lakini kwa mtoto wa Nakuru na Bonde la Ufa la kati, somo hilo lianzie kwenye maziwa ya magadi anayopita kando yake, ndipo liende kwenye barafu. Likianzia kwenye barafu, litabaki kuwa katuni.

Maziwa haya yanafaa kuwa mlango wa kuingilia Aktiki kwa sababu nayo, kama ncha za dunia, ni makazi makali. Ziwa Nakuru, Elementaita na Bogoria, ambayo mwaka 2011 UNESCO iliyaingiza pamoja katika orodha ya urithi wa dunia, yamo katika mabonde yasiyo na mto wa kutoa maji nje. Mito kama Njoro, Makalia na Nderit huingia Ziwa Nakuru ikitokea upande wa Mau, na maji hayo hayana njia ya kutokea ila kupanda juu kama mvuke. Chumvi na magadi hubaki nyuma na kurundikana mwaka baada ya mwaka. Samaki wengi wa maji baridi wangekufa humo. Lakini kiumbe anayeweza kustahimili magadi hayo hupata meza isiyo na wageni wengi: spirulina, vijimea vidogo mno visivyoonekana kimoja kimoja kwa macho, huongezeka hadi maji yakawa kijani kizito, na heroe wadogo, ambao wengi hapa huwaita flamingo, huja kuvichuja kwa midomo yao wakiwa wameinamisha vichwa juu chini. Rangi yao ya waridi hutoka katika chakula hicho. Katika miaka ya neema, heroe wa Ziwa Nakuru walikadiriwa kupita milioni moja. Aina za viumbe ni chache, ila kila aina ina wingi wa kustaajabisha. Sasa nenda bahari inayoizunguka Antaktika, utakuta mpangilio uleule: aina fulani ya uduvi, wengi kupita kiasi, ndio wanaolisha pengwini, sili na nyangumi wakubwa. Mtoto aliyeelewa ziwa la kwao ameshaelewa nusu ya Antaktika kabla hajafungua atlasi.

Ulinganifu huo unafika hadi kwenye malezi. Karibu heroe wadogo wote wa Afrika Mashariki huzaliana Ziwa Natron, upande wa Tanzania, kwenye vichuguu vya matope vilivyozungukwa na maji makali ambayo fisi na mbweha hawawezi kuyavuka kwa urahisi. Pengwini mkubwa kuliko wote hutaga juu ya barafu ya Antaktika katika majira ya baridi, ambapo kipimajoto hushuka hata nyuzi 40 chini ya sifuri na maadui wa nchi kavu hawapo. Ndege hao wawili hukimbilia mahali pabaya ili watoto wao wawe salama. Wote wawili pia ni miongoni mwa ndege wachache mno duniani wanaotengeneza kooni aina ya maziwa ya kulisha kifaranga, na vifaranga wao, wakishakua kidogo, hukusanywa katika makundi makubwa huku wazazi wakienda kutafuta chakula. Hili ni jambo la kumweleza mtoto wa miaka minane na akalikumbuka akiwa mtu mzima. Na litamwingia vizuri zaidi akianza na yule ndege ambaye jiji lake limemfanya nembo.

Majaribio ya somo hili nayo hayahitaji maabara. Karibu kila jikoni la eneo hili lina magadi, yale ya kulainishia maharagwe na mboga ngumu. Mwalimu akikata kabeji nyekundu, akaichemsha na kugawa ule mchuzi wa zambarau katika vikombe viwili, kisha akatia magadi kijiko kimoja katika kikombe kimoja na ndimu katika kingine, watoto wataona kimoja kikigeuka kijani na kingine kikiwa chekundu mbele ya macho yao. Hapo ndipo awaeleze kuwa maji ya Ziwa Nakuru yako upande wa kile kikombe cha kijani, na kwamba ngozi ngumu ya miguu ya heroe ndiyo inayomwezesha kusimama humo mchana kutwa. Siku nyingine achukue mfuko wa plastiki, apake ndani yake mafuta ya kupikia yaliyoganda, aingize mfuko wa pili ndani ya ule wa kwanza, mafuta yakae katikati. Mtoto atie mkono mmoja ndani ya mifuko hiyo na mwingine katika mfuko mtupu, kisha aitumbukize yote miwili kwenye beseni la maji yenye barafu. Mkono mtupu atautoa mara moja. Wenye mafuta utakaa. Baada ya hapo hakuna haja ya mwalimu kusema mengi kuhusu jinsi sili anavyoishi katika bahari ya barafu. Mtoto ameshajua kwa ngozi yake, na anaweza kuulizwa swali la maana zaidi: je, heroe akipelekwa huko, au dubu mweupe akiletwa hapa, nini kitamtokea, na kwa nini?

Kuna sababu nyingine, nayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Aktiki yenyewe huja Nakuru kila mwaka. Kwenye matope ya kingo za maziwa haya, kuanzia mwezi wa Agosti na Septemba, hutua ndege wadogo wa kijivu wenye miguu myembamba myeusi, wanaokimbiakimbia wakidonoa bila kupumzika. Mmoja wao kitaalamu huitwa Calidris minuta. Uzito wake ni kama vijiko vikubwa viwili vya sukari. Watalii humpita wakitafuta heroe na vifaru, na hata wakazi wengi hawamwangalii mara mbili. Ndege huyo ameanguliwa katika tundra ya Aktiki, kaskazini ya mbali ya Ulaya na Siberia, mahali pasipoota mti na ambapo ardhi ya chini haiyeyuki mwaka mzima. Majira mafupi ya joto huko hujaa wadudu. Yakiisha, anaondoka, anavuka Asia au Ulaya, jangwa na milima, hadi afike Bonde la Ufa. Mwezi wa Aprili au Mei hurudi alikotoka. Kwa hiyo swali la mzazi anayeuliza barafu ya Siberia inamhusu nini mtoto wa Rongai au Gilgil lina jibu lenye mabawa. Matope ya Elementaita na tundra ya Siberia ni vyumba viwili vya nyumba moja ya ndege mmoja. Kimoja kikiharibika, kingine hubaki kitupu.

Ndege huyo mmoja anaweza kubeba masomo ya wiki nzima, na hivyo ndivyo ninavyoelewa kufundisha jambo katika mtaala wote badala ya kulipachika kwenye ukurasa mmoja wa sayansi. Katika hisabati ya gredi ya tano au sita, wanafunzi wanaambiwa kuwa digrii moja ya latitudo ni kilomita 111 hivi. Nakuru iko karibu kabisa na ikweta, na sehemu za tundra anakozaliwa ziko karibu na digrii 72 kaskazini. Wazidishe, watapata kilomita karibu 8,000, kisha wagawe kwa siku za safari na kwa gramu za mwili wake. Katika lugha, wamwandikie barua au watunge simulizi ya safari yake. Katika Masomo ya Jamii, wayataje mataifa anayoweza kupita na kuyaonyesha kwenye ramani. Katika Sanaa, wamchore akiwa na manyoya yake ya kijivu ya Nakuru na yale ya hudhurungi anayovaa Aktiki wakati wa kuzaliana. Mtoto aliyefanya kazi hizi hatasahau Aktiki iko wapi, na dubu wake hatamweka tena kando ya pengwini.

Hata saa zetu zinaweza kufundisha. Ukitoka Nakuru kuelekea Baringo, pale Mogotio kuna alama ya ikweta kando ya barabara, na mabasi ya shule husimama hapo ili watoto wapigwe picha. Picha ni nzuri, lakini mahali hapo pana somo kubwa zaidi. Sisi tunahesabu saa kuanzia kuchomoza kwa jua, na hesabu hiyo inatufaa kwa sababu kwetu jua huchomoza na kutua karibu wakati uleule Januari hadi Desemba. Waulize watoto: mtu anayeishi Aktiki, ambako mwezi wa Juni jua halitui kabisa na mwezi wa Desemba halichomozi, ataijuaje saa moja asubuhi? Kwenye ncha yenyewe jua huchomoza mara moja kwa mwaka na kutua mara moja. Mtoto akilitafakari swali hilo atalazimika kuiona dunia kama tufe lililoinama, jambo ambalo vitabu hulieleza kwa mchoro wa mishale ambao wengi hukariri bila kuuelewa.

Watu husema kuwa watoto wa ikweta hawawezi kuelewa barafu kwa sababu hawajaiona. Sikubali. Septemba 2008, katika eneo la Busara karibu na Nyahururu, mteremko mzima ulilala mweupe baada ya mvua ya mawe, na wakazi, wakubwa kwa wadogo, wakatoka kuishika wakiamini ni theluji. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ilieleza kuwa ni mawe ya mvua yaliyoshikana yakawa tandiko moja la barafu. Kinangop, jalidi huunguza viazi usiku mmoja, na mtoto wa mkulima huyajua majani meusi ya asubuhi yake vizuri kuliko mwandishi wa kitabu chochote kilichochapishwa mbali. Na Mlima Kenya una barafu ya kudumu, au tuseme ilikuwa ya kudumu: barafu ya Lewis, iliyo kubwa kuliko zote mlimani humo, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Hizo ni takwimu za mlima ambao nchi imechukua jina lake. Somo la Kilimo, somo la Sayansi na somo la historia ya nchi yanakutana hapo bila kulazimishwa.

Tukifika kwenye mabadiliko ya tabianchi, mwalimu anahitaji uangalifu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo makosa hufanyika kwa nia njema. Ziwa Nakuru lilikuwa na eneo la kilomita za mraba 40 hivi karibu na mwaka 2010. Kufikia 2020 lilikuwa limepita 60. Lango kuu la mbuga ya ziwa hilo lilifunikwa na maji ikabidi lihamishwe, familia za Mwariki na Baruti zikapoteza nyumba na mashamba, na huko Baringo maji yaliingia hadi madarasani. Maji yalipoongezeka, magadi yalizimuliwa, spirulina ikapungua na heroe wengi wakahamia Bogoria na kwingineko. Ni rahisi mwalimu kusema kuwa barafu ya kaskazini imeyeyuka ikajaza ziwa letu. Si kweli, na mtoto asifundishwe hivyo. Ziwa Nakuru liko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na halijaungana na bahari yoyote. Wataalamu wanataja mvua nyingi kupita kawaida pamoja na udongo unaosombwa kutoka sehemu zilizokatwa misitu. Kinachounganisha ziwa na Aktiki ni hewa iliyopata joto, ambayo huko huyeyusha barafu na hapa huvuruga mvua.

Barafu ya ncha za dunia ikiyeyuka, athari yake hutegemea ilipo, na jaribio dogo huonyesha tofauti hiyo. Tia vipande vya barafu vielee ndani ya glasi ya maji, uweke alama. Vikiyeyuka, maji hayapandi kwa kiasi cha kuonekana. Katika glasi nyingine weka jiwe lililochomoza juu ya maji na barafu juu yake. Ikiyeyuka, maji hupanda. Barafu inayoelea baharini kaskazini ni kama glasi ya kwanza, na dubu mweupe anayewindia juu yake ndiye anayepoteza makazi. Barafu iliyo juu ya ardhi ya Greenland na Antaktika ni kama glasi ya pili, na inayotishwa nayo ni miji ya pwani kama Mombasa na Lamu. Kwa mtoto wa Nakuru, dubu aliyepoteza barafu na heroe aliyepoteza magadi ni hadithi moja: makazi yakibadilika haraka kuliko mnyama anavyoweza kuzoea, mnyama huhama au hufa. Kilima cha Hyrax hapa Nakuru, ambako mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba mwaka 1937, kinaongeza sura nyingine. Maelfu ya miaka iliyopita, dunia ilipokuwa ikitoka katika enzi ya barafu na mvua kuwa nyingi Afrika Mashariki, Ziwa Nakuru lilifika hadi chini ya kilima hicho. Mabadiliko yamekuwapo daima. Kinachotutia hofu sasa ni kasi yake na mkono wetu ndani yake.

Pingamizi la kwanza ninalolitarajia linatoka kwa watu ninaowaheshimu, wale wanaosema kuwa elimu yetu imeelemea mambo ya ugenini muda mrefu mno, na kwamba ni heri mtoto amjue mwari wa Elementaita na mti wa Mau kuliko dubu wa Kanada. Nakubaliana nao juu ya wapi pa kuanzia, na ndiyo maana sehemu kubwa ya makala haya ni juu ya ziwa. Lakini kuishia ziwani ni kumnyima mtoto haki yake. Mtoto wa Ulaya anafundishwa simba na savana bila yeyote kuuliza vinamhusu nini. Dunia nzima imekabidhiwa kwake kama mali yake. Wa Nakuru naye apewe dunia nzima, ila aingie kwa mlango wa nyumbani kwao. Tena wanasayansi watakaoamua juu ya barafu, bahari na ndege wahamaji miaka thelathini ijayo wako darasani leo. Sioni sababu ya kuwaandaa wa nchi nyingine pekee.

Pingamizi la pili ni la walimu, nalo ni la kweli. Mtaala wa Umilisi ulipoanza kutekelezwa mwaka 2019 uliwajia na masomo mengi, vifaa vichache na madarasa yaliyojaa. Serikali yenyewe imelazimika kupunguza idadi ya masomo. Katika gredi ya sita kuna tathmini ya KPSEA, na mwalimu mkuu anataka mada zimalizwe. Je, mtu huyu aongezewe Aktiki? Jibu langu ni kuwa sipendekezi somo jipya hata moja. Makazi ya viumbe tayari yamo katika Shughuli za Mazingira na katika Sayansi. Ramani, vipimo, insha na uchoraji tayari vina vipindi vyao. Ninachoomba ni vipindi hivyo vishirikiane kuzungumzia jambo moja kwa wiki mbili, badala ya kila kimoja kuzungumzia lake. Hilo humpunguzia mwalimu kazi ya kutafuta mifano. Wazazi nao wamelalamika, kwa haki, kuhusu miradi inayowapeleka duka la kuchapisha picha usiku. Kabeji, magadi, mafuta na barafu ya duka la karibu havihitaji kuchapishwa, na beseni moja hutosha darasa zima. Lugha pia isiwe kizuizi: sera inaruhusu gredi tatu za mwanzo zifundishwe kwa lugha ya eneo, na mjini Nakuru lugha hiyo ni Kiswahili. Kumfafanulia mtoto wa miaka saba makazi ya sili kwa Kiingereza anachokianza leo ni kumwekea mzigo juu ya mzigo.

Wapo pia wanaohofia kumtisha mtoto kwa habari za dunia inayoharibika. Hofu hiyo ina msingi, na kwa gredi za chini ningependekeza viumbe na makazi yao kwanza, furaha ya kuwajua, halafu habari za hatari zije taratibu kuanzia gredi ya nne, kila mara zikiambatana na kazi ambayo mikono ya mtoto inaweza kuifanya: miche kando ya Mto Njoro, takataka zisizoachwa zisombwe hadi ziwani, hesabu ya ndege inayoandikwa kila mwaka na kulinganishwa na ya mwaka uliopita.

Muhula wa tatu huanza mwishoni mwa Agosti, wakati uleule ndege wa Aktiki wanapoanza kutua kwenye matope yetu. Walimu wakuu wa Nakuru, Gilgil, Naivasha na Mogotio, ziara ya shule ya mwaka huu ipangeni wakati huo. Anayeshindwa kulipia mbuga awapeleke watoto Elementaita, ziwa linaloonekana tangu barabara kuu ya Nairobi. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori na serikali za kaunti za Nakuru na Baringo zingefanya jambo jema kuzifungulia shule za umma milango bila malipo kwa wiki moja ya Septemba kila mwaka. Nanyi wazazi, mtoto akirudi nyumbani akaomba kijiko cha magadi na kipande cha barafu, mpeni.